Kabla ya kulipia nyongeza, jua gemu inakuchosha wapi

Gemu ya mkakati haichoshi yote kwa mpigo. Huwa kuna mahali. Mmoja anafurahia zamu za mwanzo, anachagua pa kujenga mji wa kwanza na kutuma wapelelezi gizani, halafu ramani ikishajaa na kila zamu ikawa ni kuhudumia miji ishirini, anaifunga na kuanza upya. Mwingine ni mwanzo unaomkera, kwa sababu hatua zake za kwanza ni zilezile kila anapocheza. Wapo pia wanaofika mwishoni wakiwa wameshashinda kitambo, kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha zamu inayofuata mpaka kompyuta ikubali kufa.

Nimecheza gemu hizi tangu zilipokuwa zikiuzwa kwenye diski ndani ya boksi, na nyongeza za kulipia, yaani vipande vinavyouzwa kando ili kuiongezea gemu mambo mapya, nimezinunua nyingi. Mtu akiniuliza kama nyongeza fulani inafaa, simuulizi anaipenda gemu kiasi gani. Namuuliza kampeni zake, yaani mchezo mmoja mzima tangu mwanzo hadi mwisho, huwa anaziacha wapi. Nyongeza nayo ina mahali inapoingia. Ikiingia pale anapochoka, pesa yake imefanya kazi. Ikiingia pengine, amejinunulia majina ya kusoma kwenye menyu.

Civilization V, gemu ya kukuza taifa tangu enzi za kale, ndiyo iliyonifundisha kutazama hivyo. Ilitoka 2010, na mwanzo wake ulikuwa mtamu tangu siku ya kwanza. Mwisho ndio uliokuwa mkavu. Aliyetaka ushindi wa utamaduni alikuwa na kazi ya kujaza miti mitano ya sera, yaani mafungu ya sera zinazofunguliwa moja baada ya nyingine, kisha ajenge mradi mmoja wa mwisho, basi. Ukiwa na miji michache na ukuta imara, unakaa unasubiri pointi zijikusanye. Mwaka 2012 ikaja Gods & Kings, ikaleta dini na ujasusi. Dini ilikuwa nzuri, lakini uhondo wake mkubwa uko mapema: nani atawahi kuanzisha imani, achague baraka zipi, aeneze upande gani. Mimi ambaye mapema sikuwa na shida napo, niliifurahia bila kuona kampeni zangu zikibadilika mwisho wake.

Kisha 2013 ikaja Brave New World, nayo ikagusa pale pale penye ukavu. Ushindi wa utamaduni ukageuka: sasa utalii wako unapaswa kuuzidi utamaduni wa kila taifa lililobaki, mmoja mmoja. Ghafla zamu za mwisho zikawa na kazi. Unatuma wachimbuaji wa mambo ya kale kwenye ardhi ya jirani anayekuchukia, unabadilishana sanaa na watu ili jumba la makumbusho likamilishe seti yake, unapigania kura kwenye Kongamano la Dunia. Na ukichagua itikadi tofauti na taifa lenye utalii mkubwa, wananchi wako wananung'unika mpaka uchumi unayumba. Nyongeza ile haikunipa gemu kubwa zaidi. Ilinipa sababu ya kumaliza nilichoanza.

Hapo kuna jambo la kujua kabla hujatoa pesa, maana limewaponyoka wengi. Brave New World ilibeba mifumo ya Gods & Kings ndani yake, yaani dini na ujasusi, hata kama ile ya kwanza hukuinunua. Usichopata ni mataifa yake. Civilization VI ikafuata utaratibu huohuo: Gathering Storm ya 2019 ina mifumo ya Rise and Fall ya 2018. Kwa hiyo anayeanza leo, akiwa na pesa ya nyongeza moja tu, aanze na ya mwisho. Duka haliwezi kukuambia hivyo kwa herufi kubwa. Lina nyongeza mbili za kuuza.

Rise and Fall yenyewe naiheshimu kwa jambo moja, uaminifu wa miji: kila mji una namba ya uaminifu kwako, na ikiisha mji unakuasi. Bila nyongeza, Civilization VI inakuruhusu kuchomeka mji popote penye nafasi, hata katikati ya miji ya mtu, na kompyuta hufanya hivyo bila haya. Mdogo wangu alizoea mtindo huo. Siku moja akawa anacheza kwenye kompyuta yangu, yenye nyongeza, akaona chuma kando ya mpaka wa jirani na akajenga mji hapohapo, katikati ya miji mitatu ya kigeni.

"Kaka, mbona huu mji unasoma hasi?"

"Wakazi wako ni wachache, wa jirani ni wengi na wako karibu. Wanawavuta. Mpeleke gavana."

"Gavana nimeshamweka mji mkuu."

Gavana mmoja huongeza pointi 8 za uaminifu kila zamu mahali alipo, na mvuto wa wakazi hufika umbali wa vigae 9, yaani vipande vidogo vinavyounda ramani, ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Mdogo wangu hakutaka kusikia hesabu. Alikazana kujenga ukuta na kuweka wapiga mishale kana kwamba kuna anayekuja kuushambulia. Namba ikateremka zamu baada ya zamu, mpaka sifuri, mji ukajitangaza huru pamoja na ukuta wake mpya. Baada ya muda ukaingia kwa jirani, bila mshale hata mmoja kurushwa. Alicheka, halafu akanyamaza, halafu akafungua kampeni mpya. Mara hii niliona anahesabu vigae kabla ya kutuma walowezi, na mji wa pili akauweka karibu na wa kwanza ili isaidiane.

Hicho ndicho ninachokiita nyongeza iliyobadilisha maamuzi. Ukimwondolea leo, atacheza tofauti. Nyongeza ambayo ukiizima huoni tofauti yoyote kwenye unavyofikiri, hata iwe na michoro mizuri namna gani, ni mapambo. Na mapambo si dhambi. XCOM 2, gemu ya kuongoza kikosi cha askari dhidi ya wavamizi kutoka anga, ilikuwa na kifurushi cha mavazi na mitindo ya nywele, Anarchy's Children, na kuna watu waliokifurahia. Ila usikilipie ukitarajia vita itakuwa tofauti.

Kwenye hiyohiyo XCOM 2, iliyotoka 2016, ugonjwa ulikuwa katikati. Ukishapata askari sita waliokomaa, unawapeleka hao hao kila mahali, na wengine wote kambini wanabaki majina. War of the Chosen ya 2017 ikaleta uchovu. Askari anarudi kutoka vitani mzima wa mwili lakini amechoka, na ukimlazimisha kwenda tena anaweza kuota tabia mbaya, labda woga wa aina fulani ya adui, inayomtia kiwewe katikati ya mapigano. Kwa hiyo lazima uwe na kikosi cha pili, na cha tatu, na hao wa tatu wanakwenda mahali pagumu kwa sababu siku hiyo ndio waliopo.

Juu ya hapo wakaongezwa maadui watatu wenye majina na midomo michafu, ambao hawatafuti kuua tu. Wanaweza kumteka askari wako na kuondoka naye. Nilikuwa na mdunguaji niliyemtegemea tangu mwanzo wa kampeni. Alitekwa kwenye misheni ambayo sikuipa uzito, ya kwenda kuchukua vifaa na kurudi. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila mpango wangu ulikuwa na pengo pale juu ya paa ambapo yeye angekaa. Ilipokuja nafasi ya kumwokoa, nilituma watu ambao kwa akili ya kawaida nisingewahatarisha. Gemu bila nyongeza haikuwahi kunipeleka huko, kwa sababu kwenye kampeni zangu mtu alikuwa mzima, majeruhi au amekufa, na yote matatu niliyazoea.

Sasa kuna aina ya nyongeza inayouzwa kuliko zote: mataifa mapya. Hii inabadilisha mwanzo. Unapata kikosi cha pekee, faida fulani ya uchumi, muziki mpya, na kwa dakika za kwanza unajifunza njia mpya ya kukua. Ikifika katikati, mara nyingi unacheza gemu ileile kwa bendera nyingine. Kwa mtu ambaye mwanzo ndio gemu, ni ununuzi wa maana. Wachezaji wa Age of Empires II, gemu ya kujenga kijiji na jeshi bila kungoja zamu, wanaoshindana mtandaoni ni mfano mzuri, kwa sababu kwao dakika za mwanzo ndizo zinazoamua. Toleo la Definitive Edition la 2019 limeongezewa Lords of the West mwaka 2021, Dynasties of India 2022, The Mountain Royals 2023, na nyingine, na huhitaji kuzinunua ili kupambana na mataifa hayo. Unakutana nayo tu mikononi mwa mwenzako. Ukishapigwa nayo vya kutosha utajua kama unayataka.

Lakini nikiikumbuka nyongeza ya kwanza kabisa ya gemu hiyo, The Conquerors ya 2000, sikumbuki mataifa. Ilileta matano, wakiwemo Waazteki na Wakorea. Ninachokumbuka ni shamba. Kwenye gemu ya awali ya 1999, shamba likiisha rutuba lilibaki pale limekufa, mwanakijiji amesimama kando hana kazi, nawe uko pembe nyingine ya ramani farasi wako wanachinjwa. Unakimbia nyumbani, unabofya, unalipa mbao, unapanda, unarudi vitani, unakuta vita imeisha. The Conquerors ikakuruhusu kulipia mashamba ya mbele pale kwenye kinu, yakawa yanapandwa yenyewe foleni ikifika. Mwanakijiji akimaliza kujenga ghala la mbao, akaanza kukata miti bila kuambiwa. Ni vitu ambavyo nyuma ya boksi havina picha ya kuvutia. Ndivyo vilivyofanya nisirudi tena kwenye toleo la awali.

Marekebisho ya namna ile siku hizi huja bure kwenye sasisho, na huu ni upande ambao wanunuzi wengi hawautumii. Gemu kubwa za kihistoria na za anga kwa kawaida hutoa sasisho la bure siku moja na nyongeza ya kulipia. Mara nyingi badiliko zito liko kwenye la bure. No Step Back, nyongeza ya Hearts of Iron IV, gemu ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipotoka 2021, mfumo mpya wa ugavi wa reli na bohari, uliogeuza kabisa namna ya kuvamia nchi kubwa, ulimfikia kila mtu. Kilicholipiwa ni pamoja na kusanifu vifaru na njia mpya za mataifa kama Muungano wa Kisovieti na Poland. Stellaris nayo, gemu ya kujenga dola angani, mwanzoni mwa 2018, iliondoa njia tatu tofauti za kusafiri kati ya nyota na kubakisha moja ya msingi, kwa wote, ulinunua nyongeza au hukununua. Wapo waliochukia, na walikuwa na haki yao, maana gemu waliyoizoea ilibadilishwa bila wao kuombwa ruhusa. Kwangu mimi somo lilikuwa dogo na la vitendo: nyongeza ikitoka, nacheza kwanza kampeni nzima na sasisho la bure. Mara kadhaa nimegundua kwamba sifa nilizokuwa nasikia zilikuwa za kitu ambacho tayari ninacho.

Kusubiri huko kuna faida nyingine. Leviathan, nyongeza ya Europa Universalis IV, gemu ya kuongoza dola za kihistoria, ilitoka Aprili 2021 ikiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba tathmini za wanunuzi ziliiweka miongoni mwa bidhaa zenye alama za chini kabisa kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Masahihisho yalikuja baadaye. Aliyenunua siku ya kwanza alilipa bei kamili ili awe mjaribu.

Kuna nyongeza moja inayonikera hata ikiwa nzuri: ile inayoziba shimo ambalo gemu yenyewe imelichimba. Europa Universalis IV hiyohiyo ilipata Common Sense mwaka 2015, na humo kulikuwa na kitufe cha kuendeleza jimbo kwa kutumia pointi za mtawala. Ilikuwa anasa. Mwaka uliofuata gemu ikaleta mfumo wa taasisi, yaani mawazo mapya yanayosambaa duniani, ambapo nchi zilizochelewa kufikiwa na taasisi mpya zinalipa zaidi kwa kila teknolojia. Na njia ya haraka ya kuiotesha taasisi nyumbani kwako, ukiwa mbali na Ulaya? Kuendeleza jimbo moja kwa nguvu mpaka taasisi izaliwe pale. Kwa hiyo aliyecheza na dola la Afrika au Asia bila Common Sense alikuwa anatazama wenzake wakitumia kitufe ambacho kwake hakipo. Nyongeza ya hivyo ukiniuliza kama inafaa, nitakwambia inafaa, lakini nitakwambia huku nimekunja uso.

Upande wa pili wa shilingi ni uzito. Kila nyongeza huja na kitufe, kitufe huja na dirisha, dirisha lina namba tatu zinazobadilika. Anayeijua gemu haoni shida, maana aliongezewa kidogo kidogo kwa miaka. Anayeanza leo na kifurushi kizima cha punguzo anaangushiwa yote siku moja, na hawezi kutofautisha mzizi na tawi. Nimeona watu wakiacha gemu nzuri wakiamini ni ngumu mno, kumbe ugumu waliununua wenyewe. Gemu nyingi za aina hii hukuruhusu kuzima nyongeza kabla ya kufungua, kwa kuondoa alama ya vema kwenye orodha. Zima zote, cheza uchi, washa moja unapohisi njaa yake.

Stellaris inafaa kutajwa tena hapa kwa ajili ya Utopia ya 2017. Watu huisifia, na sifa zake ni za haki. Humo ndimo lilimo jengo la kuizunguka nyota nzima na kuvuna nishati yake, miaka na miaka ya ujenzi, na likikamilika uchumi wako haujui tena neno upungufu. Rafiki yangu aliinunua kwa ajili ya hilo tu. Ni mtu wa kuchunguza. Anapenda galaksi ikiwa bado nyeusi, kila nyota na siri yake. Mipaka ikishafungana, anaanza upya. Lile jengo hajawahi hata kuliwekea msingi. Kwake yeye ingefaa nyongeza ya visa na mabaki ya kale, inayofanya kazi miaka ya mwanzo, na mambo ya nyota angeachia sisi tunaong'ang'ana hadi mwisho.

Kama unacheza na wenzako, uliza kwanza. Kwenye Europa Universalis IV na Hearts of Iron IV, mwenye kufungua mchezo akiwa na nyongeza, wote mlioingia mnazitumia. Kundi la marafiki linahitaji mnunuzi mmoja. Kwenye Civilization VI sivyo: ukitaka kucheza kwa kanuni za Gathering Storm, kila mmoja awe nayo. Mimi na mdogo wangu tulicheza kanuni za awali kwa muda mrefu kwa sababu hiyo, yeye akichomeka miji yake kwenye mbavu zangu anavyotaka, akijua hakuna wa kumwadhibu.

Kuhusu kurudisha, Steam inakubali kurejesha pesa za nyongeza ndani ya siku 14, iwapo gemu yenyewe hujaicheza zaidi ya saa 2 tangu uinunue. Kwa gemu ya risasi saa mbili ni nyingi. Kwa gemu ya mkakati hapo ndipo unamaliza kusoma maelezo ya taifa lako. Nyongeza inayogusa mwisho wa kampeni huwezi kuijaribu kwa njia hiyo, kwa hiyo ni karibu sawa na kununua mbuzi kwenye gunia, isipokuwa umetazama mtu akiicheza mpaka mwisho.

Kwa Europa Universalis IV kuna njia ambayo mimi niliipenda zaidi: tangu 2021 unaweza kulipia usajili wa mwezi ukapewa nyongeza zote. Hesabu za muda mrefu hazikubebi, lakini mwezi mmoja unatosha kuona. Nilicheza kampeni moja na kila kitu kimewashwa, nikaandika pembeni kila nilipobonyeza kitu na kujiuliza kimetoka nyongeza ipi. Usajili ulipoisha nikasubiri msimu wa punguzo, nikanunua chache zilizotokea mara nyingi kwenye karatasi ile. Nyingine zote sijazinunua mpaka leo, na mojawapo ni ile ambayo kila mtu aliniambia nisicheze bila hiyo.